Kostimu Nyeupe na Povu la Nsimire

Kwa miaka minne mkamwana wangu Nsimire alizungumza nami kupitia mbuzi. Sisemi kwa mzaha. Kwetu huku Kasongo mke wa mtoto hamtazami baba mkwe machoni, hampi mkono, hali mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu mwingine. Mtu asipokuwepo, hulipitisha kwa chochote kilichopo. Basi asubuhi nikiwa nimekaa kibarazani, yeye husimama upande wa pili wa ua, uso ameugeuzia mbuzi wangu mwekundu, na kumwambia kwa adabu kabisa: "Mbuzi, umuambie Papa chakula iko tayari."

Nami humjibu mbuzi: "Umuambie aksanti."

Mbuzi hutafuna tu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, nusu ya mji huu nimeifundisha kujumlisha na kugawanya, na sijapata kuona mkalimani mvivu kama yule. Lakini heshima ni heshima, na Nsimire, ingawa kwao ni mbali, milimani kule Bukavu, aliishika heshima yetu kuliko wasichana wengi waliozaliwa hapa hapa. Ndiyo iliyotaka kumponza. Na mwenye kosa lenyewe nilikuwa mimi, Mwalimu Magloire, mtu mzima mwenye mvi na miwani. Nitaeleza yote, na atakayecheka acheke, maana mtaa mzima umeshacheka na mimi bado niko hai.

Nsimire alifika kwenye machimbo ya Lusangi akiwa na miaka ishirini na sita, juu ya moto, pikipiki iliyobeba watu watatu na gunia la unga, kuwakaangia mikate wachimba dhahabu. Wachimbaji walikuwa wakitoka mashimoni wakiwa na rangi moja tu, kuanzia nywele hadi kucha, wanaichukua mikate yake kwa vidole vya udongo, na yeye, ambaye ni mtu wa usafi wa kukera, alikuwa akiona uchungu kila mkate uliomtoka mkononi. Akakumbuka kwamba huko Bukavu aliwahi kufundishwa na akina mama wa parokia kutengeneza sabuni ya maji. Akaagiza vifaa, akakoroga beseni lake la kwanza peke yake, na akazidisha chumvi.

Hapo lazima nisimame kidogo, ualimu haujanitoka. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni hiyo kuwa nzito. Unatia kidogo, inakaza. Unatia tena, inakaza zaidi. Halafu ukipita kipimo hata kidogo, inakukana na kurudi kuwa maji. Ya Nsimire ilirudi kuwa maji. Wachimbaji walivunjika mbavu, wakaiita chai ya Nsimire, wakamwomba na sukari. Mmoja tu ndiye aliyenunua chupa tatu za ile chai, naye hakuwa na sahani hata moja ya kuosha. Ni Bruno, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea kama wangu. Ukimuuliza alimpenda mkewe lini, atakwambia ni pale alipomwona amemwaga beseni zima bila kutoa chozi, akalisugua, akaanza upya.

Walipooana alimleta hapa, ua wao ukashikana na wangu, na pipa la bluu likafuata. Ndani ya pipa hilo ndimo ilimo teksapon. Ni uji mzito unaong'aa, unavutika ukiuinua kwa kijiti, hauna harufu ya maana, na ukiutazama umelala tu hauna habari na mtu. Kumbe ndio ulio ndani ya shampuu, ndani ya dawa ya meno, ndani ya sabuni ya kuoshea vyombo, karibu kila kitu cha dukani kinachotoa povu. Husafiri kutoka Bukavu juu ya moto, na njia ikiharibika huchukua hata wiki mbili, kwa hiyo pipa hilo Nsimire alilipenda kama ng'ombe wa maziwa.

Nilikuwa nikimtazama kutoka kibarazani kwangu, kwa pembeni, kama baba mkwe anavyoruhusiwa. Huchota uji ule, hutia chumvi, hukoroga upande mmoja tu, hageuzi mkono hata nzi amkalie puani, mpaka uwe mweupe pe. Kisha maji, kikombe kwa kikombe. Kisha rangi ya kijani na marashi ya ndimu. Kisha hufunika beseni na kuliacha mpaka kesho yake povu lilale. Kipimo cha chumvi hakumwambia mtu. Wanawake walimbembeleza, mmoja alimletea kuku. Alikula kuku, akacheka, akanyamaza. Hata Bruno hakijui.

Na wanawake wa hapa, jamani, walikuwa wameshikwa na wazimu wa povu. Kwetu sabuni isiyotoa povu haihesabiwi kuwa sabuni. Zamani tuliridhika na ile ya mawese, ngumu kama tofali, inatoa povu la huruma. Alipokuja Nsimire, kila mama alitaka sufuria lake lipotee ndani ya mawingu. Mimi povu lilinikera. Niliona ni kelele za sabuni, wala si kazi yake. Kumbe nilikuwa nikingoja siku yangu.

Siku hiyo ililetwa na binti yangu wa mwisho, Nadine. Alikuwa amepata mchumba kutoka kijiji cha Wamaza, familia nzuri, watu wa mashamba, na bakwe zangu, watu wa huyo kijana, walikuwa wanakuja Jumamosi kwa mara ya kwanza. Mtaa mzima ulijiandaa. Akina mama walipanga chikwange, ule mkate wa mihogo iliyotwangwa, na mihogo ya chikwange hiyo, ya nyumba karibu ishirini, ilikuwa imelowekwa katika madimbwi ya kijito chetu cha Kalubi tangu Jumatatu. Na mimi nilikuwa nimepanga kostimu.

Kostimu yangu ni suti nyeupe, ya vipande vitatu. Nilishonewa nilipooa, nikaivaa tena nilipopewa cheti cha kustaafu. Jumanne niliitoa sandukuni, nikakuta imekuwa rangi ya ndizi iliyoiva, na kwapani ina ramani mbili. Nikampelekea mke wangu Mathilde. Aliinua mkono mmoja wa koti kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kumuzikia mutu," akasema. "Miye siifui. Na ukiivaa mbele ya bakwe, miye narudia kwetu Nyangwe."

"Utarudia na pirogi gani?"

"Nitaogelea!"

Basi nikanuna. Mtu aliyenuna hutumia akili vibaya, na mimi nina akili nyingi ya kutumia vibaya. Kumwomba Nsimire anifulie isingewezekana. Nguo ya baba mkwe haiguswi na mkamwana. Kumwomba sabuni tu kungehitaji mtu wa kupitisha neno, Bruno alikuwa Lusangi, na mbuzi nilishamwona uwezo wake. Nikakaa kibarazani nikipiga hesabu. Nsimire hutia kikombe kimoja cha uji katika vikombe vingi vya maji, na bado povu linafika dirishani. Ina maana sabuni ya chupa ni uji uliopunguzwa nguvu. Ina maana uji wenyewe, mtupu, usio na maji wala ndimu wala mapambo, ndio baba wa sabuni zote. Nilijipongeza. Jumatano, Nsimire akiwa sokoni, nilinyoosha mkono juu ya ua, nikafungua pipa, nikachota bakuli langu la bati, lile lenye ua jekundu, likajaa hadi ukingo.

Sasa kuhusu Kalubi. Kijito hicho kina sheria zake, nazo ziko mikononi mwa Mama Aurélie, mkuu wa akina mama wa mtoni, mwanamke ambaye hata padri humsalimu kwa kuinama. Juu kabisa kuna jiwe ambapo maji yanaanguka kidogo. Hapo hafui mtu. Chini yake watu wanachota maji. Chini yake tena kuna madimbwi ya mihogo. Ukitaka kufua, unashuka chini ya madimbwi, mwisho. Nsimire hata maji ya kusuuzia pipa lake huyabeba kichwani akayamwage huko chini kabisa. Lakini huko chini, tangu kunapokucha, kuna wanawake ishirini wanapiga domo. Je, Mwalimu Magloire akae kati yao afue suruali yake? Alhamisi alfajiri nilikwenda kwenye jiwe la juu.

Niliilowanisha kostimu, nikaipaka uji ule, koti, kizibao, suruali, kila mshono, nikaanza kusugua chini ya maji yanayoanguka. Kwanza lilitoka povu la adabu. Nikafurahi, nikaongeza. Likafika kwenye vifundo vya mikono. Nikaanza kuimba. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha ile; nilikuwa peke yangu, jua linachomoza, na mikono yangu imejaa kitu cheupe, chepesi, kinachocheka. Nililipuliza, likaruka. Nilijipaka kidevuni nikajifanya askofu. Nikabariki jiwe.

Nilipogeuka nyuma, jiwe halikuwepo. Lilikuwa limefunikwa. Povu lilikuwa limefika magotini, linatoka chini ya maji yanayoanguka kwa haraka, na donge moja lenye ukubwa wa mbuzi lilikuwa linashuka taratibu juu ya maji, limetulia kama mheshimiwa kwenye gari, kuelekea madimbwi.

"Wewe, rudi!" nikaliambia.

Nikavunja tawi nikalipiga. Likawa mawili. Nikayapiga yote mawili. Enyi wasomaji, msilipige povu. Kadiri nilivyopiga ndivyo lilivyozaliana, na mwisho nilikuwa nimesimama katikati ya Kalubi na tawi mkononi kama mwendawazimu, nachapa maji, miwani imeziba, sioni mbele. Nikasikia sauti za wanawake wanaokuja kuchota. Akili zikanihama. Nikakumbatia kostimu yangu bila kuikamua wala kuisuuza, nikakimbia kwa njia ya vichakani, nikaianika nyuma ya choo. Bakuli nililisahau kwenye jiwe.

Wanawake walilishangaa povu, wakasema labda ni mvua za juu, wakachota maji mbele kidogo. Mpaka jioni lilikuwa limetoweka. Nikajikausha. Nikasema limekwisha.

Ijumaa ndiyo iliyosema kweli. Akina mama walitoa mihogo madimbwini, ikawa laini vizuri, wakakusanyika uani kwa Mama Aurélie na vinu sita. Nsimire alikuwa mmojawapo, na mihogo yake mwenyewe ilikuwamo. Mimi nilikuwa nimekaa kando na wazee wenzangu, tunajifanya tunapanga viti. Mchi wa kwanza ukashuka, ukapanda, ukashuka. Halafu nikasikia yowe.

"Mama weee! Kinu inatokota!"

Kwa kweli kilikuwa kinatokota. Kila mchi uliposhuka, povu lilipanda ukingoni, likachungulia, likamwagika. Kinu cha pili nacho. Cha tatu nacho. Wasichana wakaanza kupiga kwa nguvu zaidi kwa kicheko, povu likaruka mpaka kwenye vilemba, kuku wakakimbia. Mama Aurélie alichovya kidole, akaonja, akatema mbali sana.

"Sabuni!"

Kicheko kikakatika. Nyuso zote zikageuka upande mmoja, kwa Nsimire, aliyesimama na mchi wake mkononi. Mihogo ya nyumba karibu ishirini, na wageni kesho.

"Nsimire, uliosha pipa yako ku jiwe ya juu?" Mama Aurélie akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi hii povu ilitoka kwa nani? Iko nani mwingine hapa mwenye kukoroga hii kitu?"

Nsimire akautazama mchi wake. Nafikiri hata yeye wakati huo hakuelewa.

"Kesho kuna bageni, hatutajipatisha haya," Mama Aurélie akasema. "Siku ya Mungu, kisha misa, tunakutana ku baraza ya parokia. Kama ni weye, ile pipa itatoka mu huu mutaa na haitarudia. Sabuni hautakoroga tena hapa."

Saa ile ile ningesema. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na meno, nilikuwa na cheti cha serikali cha kusema mbele ya watu. Nikapanga kiti.

Jioni nilikuwa kibarazani. Nsimire alikuja upande wake wa ua. Alikuwa amekwenda kwenye jiwe la juu kutazama kwa macho yake. Akaliweka bakuli langu la bati, lenye ua jekundu, limeoshwa, juu ya kigingi alichofungwa mbuzi.

"Mbuzi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "umuambie Papa bakuli yake ni hii. Niliiokota."

Basi. Nilijua anajua, naye alijua kwamba najua. Mkamwana hamwaibishi baba mkwe, na hasa si usiku mmoja kabla ya bakwe kumpima binti wa nyumba. Angeweza kumwambia Mama Aurélie neno moja tu, akaokoa pipa lake, kazi yake, jina lake. Alikuja kumwambia mbuzi.

Nami nikajibu, Mungu anisamehe: "Umuambie aksanti."

Jumamosi tuliwapikia wageni wali, na huku Kasongo wali hauna aibu, wakala wakashiba. Kostimu yangu ilikuwa nyeupe mpaka inauma macho. Mathilde aliizunguka mara mbili, akakosa neno, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Mkwe wangu, Papa Musafiri, baba wa mchumba, mzee mrefu mwenye kicheko cha radi, alinishika bega.

"Mukwe, hii kostimu ni ya leo? Nani aliifua?"

"Ni siri ya nyumba," nikasema.

Nsimire alikuwa anapita na sinia la maji ya kunawa, macho chini. Alisikia. Nikatamani ardhi inimeze. Na juu ya hayo nilikuwa ninawashwa. Nguo ile ilikuwa imekauka na uji wake ndani, na kila mahali iliponigusa ilikuwa inanitekenya. Wakati wa hotuba ya mahari nilijikuna mgongo kwa mlango mara tatu. Papa Musafiri alidhani ni desturi yetu, naye akajikuna kidogo kwa heshima.

Jumapili wageni walikaa kwa misa, nami nikaivaa tena. Kwenye wimbo wa Utukufu ngoma zilipolia tukacheza kama kawaida, mikono juu, na jasho likatoka. Nikasikia kwapani kunateleza. Nikaangalia kwa siri: povu. Dogo, jeupe, linachungulia. Nikaibana mikono na kumaliza Utukufu nikicheza kwa mabega tu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimevaa ushahidi.

Baada ya misa watu walijaa barazani, wanawake mbele, wanaume nyuma, na wageni wa Wamaza wakabaki kwa udadisi. Mawingu yalikuwa yamefunga. Mama Aurélie alisimama bila karatasi, yeye hahitaji.

"Nsimire, tuambie. Ile povu ilitoka wapi?"

Nsimire alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani, rangi ya sabuni yake. Alitazama sakafu. "Povu ilitoka mu pipa yangu, Mama."

Minong'ono ikapita.

"Na nani aliipeleka ku jiwe ya juu?"

Niliona macho yake yakitafuta kitu cha kuzungumza nacho, mlango, benchi, chochote, na hakukuwa na mbuzi. "Pipa ni yangu," akasema mwishowe. "Mutu wa kuulizwa ni miye."

"Basi tumesikia," Mama Aurélie akasema, na sikumwona akifurahi. "Pipa itatoka kesho."

Nsimire aliitikia kwa kichwa. Akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge, yule yule aliyemwaga beseni zima kule Lusangi bila kutoa chozi. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na neno halikutoka. Papa Musafiri alikuwa ananitazama, Nadine ananitazama, padri kwenye mlango wa sakristia ananitazama, na mimi nimesimama pale kama mtoto aliyesahau jedwali la saba. Nikajaribu tena. Nikatoa kikohozi.

Ndipo mvua ikaanza, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nikaitazama. Nikavua miwani, nikampa Mathilde.

"Unaenda wapi weye?" akauliza.

Nikateremka ngazi tatu, nikatoka katikati ya uwanja, nikasimama kwenye mvua mbele ya watu wote. Nikaanza kujisugua kifua.

Haikuchukua muda. Lilianzia mabegani, kama kola ya pili. Likafuata mikononi, kwenye kizibao, kiunoni. Nikasugua kwa mikono yote miwili. Suruali ikavimba, kila nilipopiga hatua magoti yalitema povu, viatu vikaimba. Nikageuka polepole ili waone na mgongo. Sikuwa na haja ya maneno, na kwa kweli neno lilikuwa limekuja sasa, nikalipaza kwa sauti ya darasani: "Ni miye! Niliiba mu pipa! Nilifulia ku jiwe ya juu! Nsimire haiko na kosa!"

Papa Musafiri wa Wamaza alitoa kicheko chake cha radi, akashika nguzo, akaiachia, akakaa chini na nguo zake nzuri. "Siri ya nyumba!" alikuwa anapiga kelele. "Siri ya nyumba inatoka!" Na baraza lote likalipuka. Wanawake waliingia mvuani, wakanizunguka, wakachota povu mabegani mwangu wakapakana nyusoni, vigelegele vikapasua mawingu. Mathilde alikuwa analia kwa kucheka, akinipigapiga mgongo, na kila kofi lilizaa povu jipya. Nami, msinicheke zaidi ya hapo, nilianza kucheza. Mikono juu kabisa. Sikuwa na cha kubana tena.

Mama Aurélie alikuja mwisho. Alichukua povu kwa kidole kutoka kwenye kola yangu, akalinusa. "Haina ndimu," akasema kwa watu wote. "Sabuni ya Nsimire iko na ndimu." Halafu akanikazia macho. "Mwalimu. Mihogo utachimbua mu shamba yako, ya nyumba zote. Utabeba weye mwenyewe, utaloweka weye mwenyewe. Na maji ya kusuuza ile pipa, kuanzia leo, ni kichwa yako itaibeba mpaka chini." Wanaume nyuma walishangilia kwa ubaya kabisa.

Nsimire alikuwa bado barazani. Kisha nikamwona anacheka, mdomo wazi, bila kuuziba kwa mkono. Miaka minne nilikuwa sijawahi kuona meno yake. Aliteremka ngazi, akapita kati ya wanawake, akaja akasimama mbele yangu, mvua inamtiririka usoni. Hakugeuka pembeni wala hakutafuta mlango. Akaniangalia machoni.

"Papa," akasema, "haukuweka chumvi."

Wanawake walilisikia jambo lile kama nilivyolisikia mimi. Mama mmoja alishika kifua. Ilikuwa ni zamu yangu, na ningeweza kuukunja uso wangu na kuutafuta ukuta, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa.

"Chumvi kiasi gani, mwanangu?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. Kisha akasogea karibu, akapenyeza mdomo kwenye povu lililokuwa sikioni mwangu, akaninong'oneza kipimo.

Kila Jumatatu sasa mimi ndiye ninayekoroga, upande mmoja tu, na yeye amekaa kwenye kigoda ananigombeza. Bruno ametuuliza sote wawili kile kipimo, mimi na mkewe, kwa maneno matamu na kwa hasira. Juzi nilimkuta uani, amechuchumaa, anamuuliza mbuzi.